Unyanyasaji kazini: Uchunguzi wa haki huanzia wapi?

Mwezi Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, ilitangaza matokeo ya kazi yake kuhusu yaliyowapata wanawake wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020. Tume hiyo iliongozwa na wanawake wawili: Aïchatou Mindaoudou, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Niger, na Julienne Lusenge, mtetezi wa haki za wanawake wa Kongo. Iliwatambua watuhumiwa 83, na kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na WHO yenyewe. Wanawake waliohojiwa walieleza jinsi walivyoahidiwa kazi kwa sharti la ngono, au walivyotakiwa kulala na wakubwa wao ili wabaki kazini. Wengine walisema walibakwa.

Miongoni mwa mambo yaliyoelezwa lipo tukio moja linalostahili kukumbukwa na kila anayepokea malalamiko kazini. Daktari wa shirika hilo alituhumiwa kumpa mimba msichana. Iliandikwa hati ya makubaliano kwamba angelipia gharama za matibabu na kumnunulia ardhi, na wafanyakazi wengine wawili wa WHO wakatia saini. Habari zilipofika ngazi za juu za shirika, iliamuliwa kwamba uchunguzi usifunguliwe, kwa kuwa mwanamke huyo hakuwa amepokea msaada wa WHO, na kwa hiyo hakuhesabiwa kuwa "mnufaika" aliyelindwa na kanuni za wakati ule. Mapema mwaka 2023, uchunguzi mwingine wa Umoja wa Mataifa haukuwakuta mameneja waliohusika na hatia ya kukiuka kanuni, kwa sababu kanuni zenyewe ziliacha mwanya wa kufasiriwa hivyo.

Swali la kwanza, yaani kama jambo lenyewe lilitendeka, halikuulizwa kwa wakati wake. Lililoulizwa ni kama mwanamke huyo anahusika na shirika.

Watu wengi hudhani kwamba haki hupatikana au hupotea siku ya kikao cha nidhamu, pale mtuhumiwa anapoketi mbele ya wakubwa wake. Mara nyingi imekwisha kupotea kabla ya hapo: siku malalamiko yalipopokewa, swali lilipochaguliwa, na mtu wa kuliuliza alipoteuliwa. Mlalamikaji huumia uchunguzi unapozimwa. Mtuhumiwa naye huumia uchunguzi unapofanywa huku hukumu ikiwa tayari mfukoni mwa bosi. Kasoro inayozaa dhuluma hizi mbili ni moja.

Ni jambo gani linalochunguzwa

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno uonevu, unyanyasaji na utovu wa nidhamu hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Mchunguzi hawezi kufanya hivyo. Mhasibu aliyeghushi risiti ametenda utovu wa nidhamu ambao huthibitishwa zaidi kwa makaratasi. Msimamizi anayemtaka mfanyakazi kimapenzi kwa ahadi ya mkataba ametenda unyanyasaji wa kijinsia, na tukio moja tu linatosha. Uonevu kwa kawaida ni mfululizo: kutukanwa mbele ya wateja, kupangiwa zamu mbaya mwezi hadi mwezi, kunyimwa taarifa za kazi kisha kulaumiwa kwa kutozijua. Kila tendo likitazamwa peke yake huonekana dogo, na ndiyo maana malalamiko ya uonevu hutupwa kirahisi. Mchunguzi asiyeweka matendo hayo katika mstari mmoja wa tarehe hataliona umbo lake.

Kwa upande mwingine, si kila ukali ni uonevu. Meneja anayemwonya mfanyakazi kwa kuchelewa, kwa maandishi na kwa lugha ya heshima, anatimiza wajibu wake hata kama onyo linauma. Akimwonya mmoja na kuwaacha wanne waliochelewa naye, hapo pana swali.

Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliopitishwa Geneva tarehe 21 Juni 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, umesaidia kuweka mipaka hiyo. Unahesabu kuwa ukatili na unyanyasaji tabia, matendo na vitisho visivyokubalika, viwe vimetokea mara moja au kwa kurudiwa, vinavyokusudia kuleta au vinavyoleta madhara ya mwili, ya akili, ya kijinsia au ya kiuchumi. Jambo la maana zaidi kwa tukio la Kongo ni orodha ya wanaolindwa: wafanyakazi wa kila aina ya mkataba, walio mafunzoni, wanaojitolea, walioachishwa kazi, na wanaotafuta kazi. Mwanamke anayeombwa ngono ili aajiriwe kufua mashuka ya kituo cha matibabu yumo ndani ya orodha hiyo kabla hajatia saini karatasi yoyote. Uganda na Rwanda ziliuridhia mkataba huo mwaka 2023.

Sheria za nchi zilikuwapo hata kabla ya hapo. Kenya, kupitia Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kijinsia, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 achukue hatua za kuuzuia. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Kongo ilitoa amri ya waziri mwaka 2005 inayopiga marufuku unyanyasaji wa kijinsia na wa kisaikolojia katika utekelezaji wa mkataba wa kazi.

Lakini sera iliyobandikwa ukutani haichunguzi kitu. Mwezi Februari 2023, BBC ilirusha makala ambamo wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, yaliyoendeshwa na kampuni mbili za Uingereza, walisema walinyanyaswa kingono na wasimamizi. Moja ya kampuni hizo, Unilever, ilikuwa imekabiliwa na tuhuma za aina hiyo zaidi ya miaka kumi kabla, na ikatangaza kwamba haitavumilia unyanyasaji na kwamba imeweka utaratibu wa kuuripoti. Mchuma chai ambaye zamu yake, nyumba yake ya kambini na kilo zake za siku zinaandikwa na mtu yuleyule anayemsumbua, hana njia ya kuufikia utaratibu huo bila kumpitia yeye.

Siku ya kwanza

Anayepokea malalamiko hana kazi ya kuamua. Kazi yake ni kusikiliza, kuandika, kuhifadhi na kukabidhi. Huandika tarehe na saa aliyopewa habari, maneno ya mlalamikaji kwa jinsi yalivyosemwa, na majina ya watu na mahali vilivyotajwa. Malalamiko ya mdomo yana uzito sawa na ya barua. Asiyejua kuandika asinyimwe haki kwa sababu ya kalamu. Mpokeaji hadai ushahidi hapohapo, wala haulizi kwa nini mtu amekawia kusema. Pia haahidi siri kamili, kwa sababu hawezi kuitimiza: mtuhumiwa atapaswa kuelezwa anachotuhumiwa, na katika ofisi ya watu kumi atajua ni nani aliyesema. Anachoweza kuahidi ni kwamba habari zitafika kwa wanaopaswa kuzijua tu, na kwamba atakayelipiza kisasi atachukuliwa hatua.

Ikiwa jambo lenyewe ni kosa la jinai, kama kubaka au kupiga, mlalamikaji aelezwe njia ya polisi na hospitali siku hiyohiyo, maana ushahidi wa mwili haungoji kikao. Nchini Tanzania, kudai ngono kwa kutumia cheo ni kosa la rushwa ya ngono chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa zake. Uchunguzi wa kazini hauchukui nafasi ya vyombo hivyo, na vyombo hivyo havimwondolei mwajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pake pa kazi ni salama.

Ushahidi wa kawaida nao hupotea haraka kuliko inavyodhaniwa. Picha za kamera za ulinzi hufutwa na mtambo wenyewe baada ya siku au wiki chache. Daftari la getini hujaa na kutupwa. Ratiba ya zamu hubadilishwa. Ujumbe wa WhatsApp hufutwa na aliyeutuma. Kwa hiyo amri ya kuhifadhi vitu hivi itolewe kabla mtu yeyote hajahojiwa. Picha ya skrini ya simu ni mwanzo mzuri, lakini simu yenyewe ikionyeshwa kwa mchunguzi, na mazungumzo yakasomwa kuanzia juu hadi chini, ni bora zaidi, kwa sababu kipande kimoja cha mazungumzo kinaweza kumwonea yeyote kati ya hao wawili.

Hapo huja uamuzi mgumu: nani aondoke? Katika sehemu nyingi anayehamishwa ni mlalamikaji, "kwa usalama wake", na kesho yake wenzake humwona kama ndiye aliyekosea. Panapokuwa na haja ya kuwatenganisha, busara ni kumsogeza anayetuhumiwa, kwa barua inayosema wazi kwamba hatua hiyo si adhabu. Sheria ya Uganda inaruhusu mfanyakazi asimamishwe wakati wa uchunguzi kwa nusu mshahara, kwa muda usiozidi wiki nne. Sheria ya Kazi ya Kongo inampa mwajiri siku mbili za kazi, tangu alipoyajua mambo, kumjulisha mfanyakazi kwamba amesimamishwa kwa ajili ya uchunguzi. Kusimamishwa kusikokuwa na mwisho ni kufukuzwa kwa jina jingine.

Mtu wa kuuliza

Katika uchunguzi wa haki pana viti vitatu, navyo visikaliwe na mtu mmoja: anayepokea, anayechunguza, na anayeamua. Kanuni za Utendaji Bora za Tanzania za mwaka 2007 zinalisema hili kwa namna yake. Kwanza mwajiri afanye uchunguzi ili ajue kama kuna sababu ya kuitisha kikao. Kisha kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ya kutosha katika menejimenti ambaye hakuhusika na mazingira yaliyoleta shauri. Uchunguzi na kikao, basi, ni vitu viwili. Meneja aliyewahoji mashahidi jikoni Jumatatu, akaandika ripoti Jumanne, na kuongoza kikao Ijumaa, hata awe mwadilifu namna gani, anasikiliza rufaa dhidi ya maoni yake mwenyewe.

Mchunguzi asiwe mkuu wa yeyote kati ya wahusika, wala ndugu, wala mtu atakayerithi cheo kikibaki wazi. Katika miji yetu midogo neno "ndugu" ni pana, na ni vizuri kumuuliza mchunguzi waziwazi kama wanasali pamoja, wamekopeshana fedha au wametoka kijiji kimoja, na jibu likaandikwa. Kabla hajaanza, apewe hadidu za rejea: tuhuma zipi, za kipindi gani, nani wa kuhojiwa, ripoti iende kwa nani na lini. Bila karatasi hiyo uchunguzi hutanda kama maji. Ulioanza na tusi la Machi huishia kupekua mikopo na ndoa ya mlalamikaji.

Duka lenye wafanyakazi sita, ambapo mtuhumiwa ndiye mwenye duka, halina viti vitatu. Hapo hakuna uchunguzi wa ndani unaoweza kuitwa wa haki, na njia iliyobaki ni ofisa kazi wa serikali, mkaguzi wa kazi au chama cha wafanyakazi.

Namna ya kuhoji

Utaratibu wa kawaida ni kuanza na mlalamikaji, kisha mashahidi, kisha anayetuhumiwa. Huyu wa mwisho aelezwe tuhuma kwa ukamilifu: tarehe, mahali, maneno. Kumwambia mtu "kuna malalamiko juu ya tabia yako" na kumtaka ajieleze ni kumtega, kwa sababu atakiri au atakana jambo asilolijua. Baada ya majibu yake mchunguzi hurudi kwa mlalamikaji. Hatua hii ya kurudi ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Mtuhumiwa akisema siku hiyo alikuwa safarini Mbarara, mlalamikaji ana haki ya kuulizwa juu ya jambo hilo kabla halijaandikwa kwenye ripoti kuwa pigo la mwisho kwa madai yake.

Maswali yawe wazi: nini kilitokea, kisha nini, nani alikuwapo, ulimwambia nani. Maswali kama "alikushika kifua, siyo?" huweka maneno kinywani, na baadaye hayatoki tena. Katika Kiswahili hatari hii ni kubwa kwa sababu heshima yetu hufunika mambo kwa maneno ya jumla. Mwanamke akisema "alinisumbua", huenda ana maana kwamba alipigiwa simu usiku, na huenda ana maana ya jambo zito mno. "Alinitaka" ni neno moja lenye safari mbili: "alinitaka niende ofisini" ni amri ya kazi, na "alinitaka" likiachwa hivyo ni ombi la ngono. "Alinishika" linaweza kuwa mkono, au bega, au mwili. Mchunguzi hapaswi kuchagua maana kwa niaba ya msemaji. Huuliza kwa upole, "unaposema alikusumbua, alifanya nini?", kisha hukaa kimya mpaka jibu lije, hata kimya kikiwa kirefu. Akihitaji, humpa karatasi aandike au achore mahali alipokuwa kila mtu.

Lugha ya karatasi ni tatizo lake jingine. Katika kampuni nyingi za ukanda huu fomu ni za Kiingereza au Kifaransa, mahojiano hufanywa kwa Kiswahili, na mhojiwa hufikiri kwa Kikipsigisi, Kinande au Kinyarwanda. Kwa hiyo maelezo yaliyotiwa saini mara nyingi ni tafsiri ya tafsiri. Dawa yake si ngumu: maneno muhimu yaandikwe kwa lugha aliyoyatamka mtu, tafsiri iwekwe kando, na yote asomewe kabla ya kutia saini au kidole gumba. Kifungu cha 41 cha sheria ya Kenya kinataka sababu za kutaka kumwachisha mtu kazi zielezwe katika lugha anayoielewa. Kanuni za Tanzania nazo zinataka tuhuma ziwasilishwe kwa namna na lugha ambayo mfanyakazi anaweza kuielewa.

Neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine

Unyanyasaji hutendwa faraghani, na sentensi inayofunga majalada mengi ni "hakuna shahidi". Sentensi hiyo haitoshi. Maelezo ya mlalamikaji mwenyewe ni ushahidi, na ya mtuhumiwa vilevile. Kazi ya mchunguzi ni kuyapima. Je, maelezo yamebaki yaleyale katika mambo makuu? Je, mlalamikaji alimwambia dada yake au mwenzake wa zamu siku hiyohiyo, kabla hajawa na sababu ya kutunga? Je, ratiba, simu zilizopigwa, au ujumbe wa kutumiwa fedha unaafikiana na upande mmoja? Je, mtuhumiwa amekwisha kulalamikiwa kwa jambo linalofanana na watu wasiofahamiana? Na je, kuna ugomvi wa zamani, wa cheo au deni, unaoweza kueleza tuhuma hizi kwa njia nyingine? Maswali haya yanauma pande zote mbili, na yaulizwe kwa pande zote mbili.

Kinachofaa kupewa uzito mdogo ni sura. Mtu aliyedhulumiwa anaweza kucheka kwa wasiwasi, na asiye na hatia anaweza kutetemeka. Mchunguzi anayeandika "alionekana mkweli" ameandika habari zake mwenyewe.

Kiwango cha kuthibitisha kazini si kile cha mahakama ya jinai, ambako shaka yote ya msingi lazima iondolewe. Hutazamwa upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Sheria ya Kenya, kwa mfano, humdai mwajiri athibitishe sababu alizoziamini kwa dhati kwamba zipo wakati anamwachisha mtu kazi. Imani hiyo lazima iwe na mahali iliposimama, nayo hujengwa na uchunguzi.

Ripoti hutoa jibu kwa kila tuhuma peke yake: imethibitika, haikuthibitika, au imethibitika kwa sehemu. Kati ya "haikuthibitika" na "ni uongo" pana umbali mkubwa. Mlalamikaji ambaye madai yake hayakuthibitika hajatenda kosa, na kampuni inayomwandikia barua ya onyo kwa "kuchafua jina la bosi" imewafunga midomo wafanyakazi wengine wote. Uongo wa makusudi upo, na ukidaiwa uchunguzwe kama tuhuma nyingine yoyote, kwa ushahidi wake.

Haki za anayetuhumiwa

Mwajiri anayeamini kuwa yuko upande wa mnyonge hushawishika kuzipuuza haki hizi. Matokeo yake huja baadaye: mnyanyasaji aliyefukuzwa kwa pupa hushinda mahakamani kwa kasoro za utaratibu, hulipwa, na mlalamikaji husikia habari hizo redioni. Nchini Kenya, sababu nzuri bila utaratibu wa haki huufanya uachishaji kazi kuwa usio wa haki, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Uganda inamtaka mwajiri aliyemfukuza mtu bila kumsikiliza amlipe mshahara wa wiki nne kwa kosa hilo pekee, hata kama sababu ya kumfukuza ilikuwapo.

Masharti yenyewe hayawiani neno kwa neno kutoka nchi hadi nchi, lakini yanakaribiana. Tuhuma zielezwe kabla ya kikao. Muda wa kujiandaa uwepo: kanuni za Tanzania zinasema kwa kawaida usipungue saa 48. Mtuhumiwa awe na mtu wa kumsindikiza, ambaye Kenya ni mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama mahali pa kazi, na Uganda ni mtu amtakaye. Ajibu, awaulize maswali mashahidi, alete wake. Akipatikana na kosa, asikilizwe tena juu ya mambo ya kumpunguzia adhabu, kama miaka aliyotumika bila doa. Kisha apewe uamuzi na sababu zake.

Haki ya kuwauliza maswali mashahidi ndiyo inayogongana na hofu ya mlalamikaji wa unyanyasaji wa kingono, na hapa hapana jibu lisilo na gharama. Mwenyekiti anaweza kuagiza maswali yapitie kwake, wawili hao wasiketi wakitazamana, na maswali juu ya maisha ya kimapenzi ya mlalamikaji yakataliwe kwa kuwa hayahusiani na tukio. Kinachokuwa kigumu kukitetea ni kumfukuza mtu kwa maelezo ya shahidi asiyejulikana ambayo hakupewa nafasi ya kuyajibu. Malalamiko yasiyo na jina yanafaa kuanzisha uchunguzi, na mara nyingi ndiyo pekee yanayoweza kuuanzisha. Kuufunga peke yake hayawezi.

Kongo imeongeza shinikizo la saa: mwajiri anayetaka kuvunja mkataba kwa kosa zito anapaswa kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipoyajua mambo. Muda huo humlinda mfanyakazi dhidi ya kosa la zamani linalotolewa kabatini siku bosi anapokasirika. Pia humsukuma mwajiri mzembe kuharakisha mahojiano, na hilo ni kosa lake, si la sheria.

Baada ya uamuzi

Kisasi huja kwa viatu laini. Mkataba hauongezwi. Zamu za usiku huongezeka. Jina huondolewa kwenye safari za kikazi. Kwa hiyo jalada lisifungwe siku ya uamuzi: mtu aliyepokea malalamiko amtafute mlalamikaji na mashahidi baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya mitatu, na alinganishe zamu na malipo yao na ya zamani. Kifungu cha 8 cha sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 kinakataza kumfukuza mfanyakazi kwa sababu ameripoti unyanyasaji wa kijinsia au ameutolea ushahidi. Kinakwenda mbele zaidi: mfanyakazi akijiuzulu kwa sababu ya kunyanyaswa na mkuu wake, na ushahidi ukawapo, kujiuzulu huko huhesabiwa kuwa amefukuzwa isivyo haki.

Mlalamikaji ana haki ya kuambiwa kwamba uchunguzi umekwisha na kama tuhuma zake zimethibitika, ingawa si lazima aelezwe kila kilichomo katika jalada la mwenzake. Mtuhumiwa ambaye tuhuma dhidi yake hazikuthibitika arudishwe kazini kwa barua, na wale waliojulishwa kwamba amesimamishwa wajulishwe pia kwamba amerudi.

Asiyeridhika ana mlango wa nje, lakini hauko wazi siku zote. Nchini Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuuthibitisha. Nchini Uganda, aliyefukuzwa isivyo haki ana miezi mitatu ya kulalamika kwa ofisa kazi. Nchini Kenya, madai yatokanayo na mkataba wa kazi hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Kwa kuwa siku hizi huhesabiwa kwa tarehe, mfanyakazi anayekabidhiwa barua ya kufukuzwa aandike juu yake siku aliyoipokea na jina la aliyemkabidhi, kisha abaki na nakala.